Sensa ya Mwendo Inasumbua: Piga Mita Kwanza, Ndipo Ulaumu Waya

Sensa ya mwendo ikianza kupiga alamu bila mtu kupita, lawama ya kwanza humwangukia fundi aliyeifunga, ya pili sensa yenyewe. Sensa ikibadilishwa na usumbufu ukabaki, ndipo husikika kauli iliyozoeleka: "Waya huu ni mwembamba, tuuvute mwingine." Mara nyingine ni kweli. Mara nyingi si kweli, na mtu hujikuta amefungua dari nzima kupitisha kebo nene isiyohitajika, huku ubovu umekaa palepale kwenye kiungo kilichosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu.

Waya mwembamba una dalili zake, na zinatambulika. Tatizo lako likiwa halifanani nazo, unene wa waya uache kando, utafute kwingine.

Namba unazohitaji kichwani

Unene wa nyaya za alamu hutajwa kwa geji ya AWG au kwa milimita za mraba. Kwenye AWG hesabu inakwenda kinyume: namba ikipanda, waya unapungua. Huu ndio ukinzani wa uzi mmoja wa shaba halisi, kwa kila mita, kwa makadirio ya karibu:

- AWG 18 (0.82 mm²): omu 0.021
- AWG 20 (0.52 mm²): omu 0.033
- AWG 22 (0.33 mm²): omu 0.053
- AWG 24 (0.20 mm²): omu 0.084
- AWG 26 (0.13 mm²): omu 0.134

Kebo nyingi za alamu zinazouzwa kama 0.22 mm² zinakaa karibu kabisa na AWG 24. Waya wa mtandao wa Cat5e nao kwa kawaida ni AWG 24.

Volti zinazopotea njiani ni mkondo mara ukinzani wa mita moja mara urefu, mara mbili. Hiyo "mara mbili" ndiyo inayosahaulika. Umeme unakwenda kwa uzi mmoja na kurudi kwa mwingine, kwa hiyo kebo ya mita 40 kwenye hesabu ni mita 80 za waya.

Jaribu na sensa moja ya kawaida ya PIR, yaani inayoona mwendo kwa mabadiliko ya joto, inayokula miliampea 15, mwisho wa mita 40 za AWG 24. Ukinzani wa kwenda na kurudi ni omu 6.7. Zidisha kwa 0.015, unapata volti 0.1. Sensa nyingi za volti 12 zinafanya kazi kuanzia volti 9 hadi karibu 16, kwa hiyo sehemu moja ya kumi ya volti hazihisi kabisa. Mtu akikuambia sensa yako moja, yenye kebo yake peke yake kutoka kwenye paneli (kisanduku kikuu cha alamu), inasumbua kwa sababu ulitumia AWG 24 badala ya 22, mwombe akuonyeshe kwenye mita ya kupimia umeme.

Dalili: umeme ukiwepo kila kitu shwari, ukikatika alamu zinaanza

Hii ndiyo dalili halisi ya waya mwembamba, na ndiyo inayowachanganya watu zaidi, kwa sababu siku ya kukabidhi kazi kila kitu kilijaribiwa na kikapita. Kilijaribiwa umeme ukiwepo.

Paneli ikiwa kwenye umeme wa kawaida inatoa karibu volti 13.7 kwenye kituo cha AUX, kile kinacholisha sensa umeme, kwa kuwa chaja ndiyo inayobeba mzigo. Umeme ukikatika, mzigo unahamia kwenye betri ya asidi na risasi ya volti 12, ambayo haraka inateremka hadi 12 na ushei, kisha inaendelea kushuka kidogo kidogo hadi karibu 10.5 inapokuwa imekwisha. Waya haujabadilika, kilichobadilika ni akiba uliyokuwa nayo.

Tuseme kebo moja ya mita 70 za AWG 24 inalisha sensa nane za teknolojia mbili, zile zenye PIR na mikrowevu pamoja, kila moja ikila miliampea 25. Jumla ni miliampea 200. Ukinzani wa kwenda na kurudi ni omu 11.8. Ukihesabu kana kwamba zote ziko mwisho wa kebo, hali ambayo ndiyo mbaya kuliko zote, zinapotea volti 2.35. Umeme ukiwepo, sensa zinapata volti 11.3 na zinafanya kazi vizuri. Umeme ukikatika, betri ikishuka hadi 11.2, ikiwa bado haijaisha kabisa, sensa za mwisho ziko kwenye 8.85. Hapo ndipo usiku unapoharibika.

Kwa nini zipige alamu badala ya kunyamaza? Kwa sababu sensa nyingi zimeundwa hivyo makusudi. Ndani kuna rilei, swichi ndogo inayoshikiliwa na umeme ili mguso wake ubaki umefungwa. Mwendo ukionekana, rilei inaachia na zoni, yaani mzunguko ambao paneli inausoma kwa sensa hiyo, inafunguka. Umeme ukipungua kupita kiasi, rilei inaachia vilevile, na paneli haina njia ya kujua kama ni mwizi au ni njaa ya volti. Hiyo ni kinga dhidi ya mtu anayekata waya. Halafu sensa ikizima na kuwaka tena, inahitaji muda wa kutulia, kwa nyingi ni kama dakika moja, na katika kipindi hicho inaweza kufungua na kufunga zoni ovyo.

Sasa vipimo. Weka mita kwenye volti za DC. Vua plagi au zima swichi inayolisha paneli, uiache kwenye betri, na usikimbilie kupima papo hapo. Iache ifanye kazi kwa muda. Kisha pima sehemu mbili: kwenye vituo vya AUX ndani ya paneli, na kwenye vituo vya umeme vya sensa iliyo mbali kuliko zote, kifuniko kikiwa kimefunguliwa na nyaya zikiwa zimefungwa mahali pake. Usizichomoe ili upime. Waya usio na mzigo haupotezi volti, na utasoma namba nzuri ya kukudanganya.

Kwenye paneli ukisoma 12.3 na kwenye sensa 9.4, waya unakula karibu volti 3, na lawama iko njiani: unene, urefu, au kiungo. Lakini kwenye paneli ukisoma 10.4 muda mfupi baada ya kukata umeme, na kwenye sensa 10.1, waya hauna kosa lolote. Betri imechoka. Betri hizi huchoka baada ya miaka michache, na kuvuta kebo ya AWG 18 hakutaifufua.

Kuna uwezekano wa tatu usiosemwa sana: AUX yenyewe imezidiwa. Kila paneli ina kikomo cha miliampea kwenye kituo hicho, kimeandikwa kwenye mwongozo wake. Jumlisha sensa zote, kipadi cha kubonyeza namba, moduli ya simu na kila kilichoning'inizwa hapo. Mara nyingi kitu kilichoongezwa baadaye ndicho kilichovunja hesabu.

Ikithibitika kwamba ni waya, kabla ya kuvuta kebo mpya angalia kama kebo iliyopo ina nyuzi za akiba. Kebo ya nyuzi sita inayotumia nne ina mbili zimelala bure. Moja iunganishe sambamba na chanya, nyingine na hasi, pande zote mbili, na ukinzani wa njia ya umeme umepungua kwa nusu. Kwenye mfano wetu, volti 2.35 zinakuwa karibu 1.2. Kwenye Cat5e mambo ni marahisi zaidi, nyuzi zipo nane.

Njia nyingine ni kuweka chanzo cha pili cha umeme, chenye betri yake, karibu na kundi la sensa za mbali. Hapo kumbuka kuunganisha hasi ya chanzo hicho na hasi ya paneli, hasa kama kuna vifaa vinavyowasiliana na paneli kwa data. Bila hivyo utazalisha matatizo mapya ambayo hayaelezeki. Chanya mbili usiziunganishe.

Dalili: king'ora kikilia, zoni nyingine zinafunguka zenyewe

Kumbukumbu ya paneli inaonyesha zoni moja, kisha sekunde hiyohiyo zoni tatu nne nyingine, kana kwamba wezi wameingia kila chumba kwa pamoja. Angalia king'ora kinapata wapi umeme. Mara nyingi kimechukua chanya na hasi kutoka kwenye kebo ileile ya sensa, kwa sababu ilikuwa inapita karibu.

Sensa moja inakula miliampea 15 au 25. King'ora kinaweza kula 400 au zaidi. Kwenye kebo yetu ya omu 11.8, king'ora cha miliampea 400 pekee kinataka kushusha volti 4.7, ukiacha zile za sensa. Kwa kweli chenyewe kitalia kwa sauti ya mafua kwa kukosa umeme, na hiyo nayo ni dalili.

Tiba hapa ni kutenganisha, unene unafuata baadaye. King'ora kipewe kebo yake kutoka kwenye kituo chake cha paneli, na kwa umbali mrefu iwe AWG 18. Sensa zibaki na kebo zao za zamani. Nimeona watu wakibadilisha kebo yote kuwa nene na kuacha king'ora palepale. Nafuu inapatikana kidogo, hadi siku betri inapokuwa chini.

Dalili: sensa moja tu ya mbali inasumbua, jirani zake hazina shida

Hapa geji huwa haihusiki kwa kawaida. Sensa moja, mkondo mdogo; tumeshaona hesabu. Kinachohusika ni kiungo kibovu au waya usio shaba.

Anza na kipimo cha mzunguko. Zima paneli, betri pia uichomoe. Chomoa nyuzi mbili za umeme pande zote mbili, zisokote pamoja upande wa sensa, kisha pima omu upande wa paneli. Gusanisha ncha za mita zenyewe kwanza, usome ukinzani wake, na uutoe kwenye jibu. Mita za bei ya chini hubeba omu 0.3 hivi kwenye nyaya zake. Kebo ya mita 30 ya AWG 22 inapaswa kutoa karibu omu 3.2. Ukipata 3.4, nenda ukatafute kwingine. Ukipata 5, waya si ule ulioandikwa kwenye koti lake. Ukipata 11, au namba inayoruka ukitikisa kebo, kuna kiungo kinachokaribia kukata.

Tahadhari moja: mita inapopima omu inatuma mkondo mdogo sana, na kiungo kilichoshikwa na uzi mmoja kinaweza kusomeka vizuri. Kipimo cha volti chini ya mzigo ndicho kinachokamata kiungo cha aina hiyo. Fanya vyote viwili.

Ile omu 5 badala ya 3.2 mara nyingi ina maana ya alumini iliyovishwa shaba, inayoandikwa CCA, kama imeandikwa kabisa. Ukinzani wake unazidi wa shaba halisi kwa zaidi ya nusu, kwa hiyo AWG 22 ya CCA inajibeba kama AWG 24 ya shaba. Kuijua si vigumu. Chukua uzi mmoja, ukwangue kwa wembe bila kuukata: shaba ni nyekundu hadi ndani, CCA inaonyesha weupe chini ya ngozi nyembamba ya shaba. Au shika ncha ya uzi kwenye moto wa kiberiti cha gesi: uzi mwembamba wa alumini unalegea na kudondoka, wa shaba unawaka wekundu na kubaki na umbo lake. Sumaku haisaidii kwa alumini. Sumaku inakamata aina nyingine ya udanganyifu, chuma kilichovishwa shaba, ambacho ukinzani wake ni mbaya zaidi.

Tatizo la CCA si hesabu ya volti peke yake. Alumini ni laini: ukikaza skrubu inabonyea, baada ya miezi skrubu inakuwa imelegea bila mtu kuigusa, na uzi uliokwaruzwa kidogo wakati wa kumenya koti unakatika ukipinda mara mbili. Ndiyo maana sensa ya CCA inasumbua leo, kesho inatulia. Kama kebo imeshapita ukutani na haitolewi, punguza viungo, kata ncha zilizochoka, menya upya, kaza taratibu. Kama bado haijapitishwa, irudishe ulikoinunua.

Kuhusu viungo: kusokota na tepu hakukubaliki hata siku moja. Lehemu kwa risasi na uvishe mrija wa kusinyaa, au tumia viunganishi vya kubana vyenye jeli ndani kama kuna unyevu. Na ukifungua kisanduku ukaona unga wa kijani kwenye shaba, kata hadi ufikie waya unaong'aa. Ukibakiza kijani, utarudi.

Dalili: zoni inaonyesha wazi au hitilafu muda wote, lakini taa ya sensa inawaka vizuri

Umeme unafika, ushahidi ni taa. Basi achana na nyuzi za umeme, nenda kwenye nyuzi za zoni.

Nyuzi hizi hazibebi mzigo wa maana, na unene karibu hauna kazi hapa. Paneli nyingi zinavumilia ukinzani wa waya hadi omu 100 kwenye zoni moja. Kwa AWG 22 hiyo ni zaidi ya mita 900 za kebo. Nyumba ya aina hiyo ni nadra.

Kinachosumbua ni rezista ya mwisho wa mzunguko, kipande kidogo chenye ukinzani maalumu ambao paneli inautafuta ili ijue zoni ni salama. Paneli moja inataka kilo-omu 5.6, nyingine 2.2, nyingine 4.7 au 1, na ukiweka ya paneli nyingine zoni haitasomeka sawa. Soma mwongozo, pima rezista kwa mita kabla ya kuifunga, kwa sababu rangi za mistari yake chini ya taa ya mkononi zinadanganya. Na ikae ndani ya sensa. Mafundi wenye haraka huiweka ndani ya paneli kwa kuwa ni rahisi kuifikia. Zoni inafanya kazi, lakini nyuzi mbili zikigusana njiani paneli itaendelea kuona kila kitu salama. Rezista imepoteza kazi yake yote.

Kama rezista ni sahihi, ruka sensa: kwenye vituo vya sensa unganisha rezista moja kwa moja kati ya nyuzi mbili za zoni. Paneli ikitulia, ubovu uko ndani ya sensa au kwenye swichi yake ya kifuniko, ambayo kifuniko kisipokaa sawa inabaki wazi. Paneli ikiendelea kulalamika, ubovu uko kwenye kebo.

Dalili: alamu za uongo kwa saa fulani, au kifaa fulani kikiwashwa

Ikiwa inapiga kila pampu au friji inapowaka, tazama kebo ya sensa imepita wapi. Ikilala sambamba na kebo ya umeme mkubwa kwa mita nyingi, inadaka kelele ya umeme. Waya mnene zaidi hautatibu jambo hili. Isogeze, sentimita 30 zinatosha kwa hali nyingi za nyumbani, na mahali pa kukatizana ikatize kwa pembe ya mraba. Kamwe usiipitishe kwenye bomba moja na umeme mkubwa, na hapo sababu ni usalama wa mtu kabla ya kelele. Kama haisogezeki, tumia kebo yenye ngao (utando wa chuma unaozunguka nyuzi), na ngao uiunganishe upande wa paneli tu. Ukiifunga pande zote mbili unaweza kuongeza kelele badala ya kuipunguza.

Ikiwa inapiga jua likifika dirishani, au karibu na kipasha joto, au usiku wenye wadudu, usihangaike na waya. Sensa ya PIR inaona mabadiliko ya joto, na buibui anayetembea juu ya lenzi ni mkubwa sana machoni pake. Igeuze, isafishe, ziba tundu la waya nyuma yake.

Ukiwa bado unachagua kebo

Kwa sensa za nyumba ya kawaida, kila moja na kebo yake hadi kwenye paneli, chukua AWG 22 ya shaba halisi yenye nyuzi sita. Nyuzi nne zinatosha kwa umeme na zoni, mbili ni za swichi ya kifuniko au za kuongeza nguvu baadaye. AWG 24 inafaa pia, na asiyekubali afanye hesabu. Ninachopendelea 22 ni uimara wake mikononi: haikatiki ukiimenya, na inakaa vizuri chini ya skrubu.

AWG 18 iweke kwenye ving'ora, kufuli za umeme, na kebo ndefu inayolisha kundi la vifaa. Kuiweka kila mahali si uangalifu. Ni ngumu kupindika ndani ya sensa ndogo, vituo vyake vingi havimezi nyuzi mbili za unene huo, na ukilazimisha, kifuniko hakifungi na swichi yake inaanza kukusumbua.

Uzi mmoja mgumu unafaa ukutani pasipotikisika; nyuzi nyingi laini zinafaa mlangoni na popote panaposogea, ila zisokote vizuri au uzivishe kofia ya kubana kabla ya kuzikaza, kwa sababu unywele mmoja unaobaki nje unaweza kugusa kituo cha jirani na kuleta shoti.

Kebo ikishafika, kabla haijapita ukutani, pima omu za roli nzima: nyuzi mbili zisokote mwisho, soma mwanzo. Roli ya mita 100 ya AWG 22 itoe karibu omu 10.6. Ikitoa 16 au 17, usiipitishe.